Antena ya CB ya nyumbani: usiisahau nusu ya pili

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu ni Mkongomani anayeishi nje kidogo ya Lexington, Kentucky. Aliendesha malori Marekani kwa miaka kadhaa hadi mgongo ulipomgomea, na sasa anashinda nyumbani. Redio yake ya CB, ile ya kuongea na kujibizana ambayo madereva hupenda kuitumia barabarani, ameitoa kwenye lori, ameiweka mezani na kuiunganisha na pawasaplai ya volti 13.8. Antena ni ile ile ya sumaku iliyokuwa juu ya lori. Ameisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha; nyaya za umeme zinapita mbele ya nyumba. Madereva wanaopita barabara kuu ya I-75, kilomita nane kutoka kwake, wakiwemo wenzake wanaopiga soga kwa Kiswahili, anawasikia. Akiita, hajibiwi. Mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayokataliwa na antena na kurudi (1 ndiyo safi), inaonyesha zaidi ya 3, na akiishika kebo kwa mkono sindano inashuka. Anauliza: anaweza kujitengenezea antena kwa mabomba ya shaba yaliyobaki alipokarabati bafu? Vipimo ni vipi? Na ni kweli kwamba kebo lazima iwe ya futi 18?

Ndugu yangu, pole na mgongo. Katika maelezo yako yote, kilichonionyesha ugonjwa ulipo ni hiyo sindano. Kebo ya koaksia haipaswi kujua kama umeishika au umeiacha. Mawimbi hupita ndani yake, kati ya waya wa katikati na wavu unaouzunguka, kama maji ndani ya mpira. Mkono wako ukibadilisha kipimo, basi mpira unavuja: umeme wa redio umetoka na unatembea juu ya mgongo wa kebo, unarudi chumbani, unaingia kwenye redio, kwenye mikrofoni, na hata kwako uliyeishika.

Unavuja kwa sababu antena yako ni nusu antena. Kila antena ina pande mbili zinazosukumana, upande mmoja ukivuta mwingine unasukuma, na hakuna namna ya kuwa na mmoja bila mwingine. Ile fimbo ya sumaku ilipokuwa juu ya lori, upande wa pili ulikuwa chuma cha lori lenyewe. Ulipoihamishia kwenye kizingiti cha mbao uliiacha nusu yake barabarani. Na antena haikubali kukaa mjane. Ukiinyima nusu ya pili itajitafutia: itachukua kebo, itachukua boksi la redio, itachukua waya wa mikrofoni. Ulipoishika kebo ulikuwa umejiunga na antena bila kujua, ndiyo maana sindano ikacheza.

Kwamba unawasikia wao bila wao kukusikia, hilo nalo lisikushangaze. Wewe uko chumbani pametulia, dereva yuko juu ya injini inayonguruma na skwelchi, yaani kitasa cha redio kinachozima ishara dhaifu, ameifunga ili asisumbuliwe na kelele. Ishara yako iliyochoka haifiki hata kuufungua huo mlango.

Sasa hizo futi 18. Hadithi hii niliikuta kila mahali penye redio za magari, na kwa muda mrefu nilikuwa naicheka. Siku moja nikachukua kalkuleta. Futi 18 ni mita 5.49. Nusu ya wimbi katika masafa ya CB ni mita 5.51. Kumbe hadithi haikutoka hewani! Kama nusu ya pili ya antena ni mbovu na kebo imegeuka kuwa sehemu ya antena kwa nje, basi urefu wa kebo kweli unabadilisha mita inavyosoma, na mtu aliyejaribu vipande vingi ataapa kwamba cha futi 18 ndicho chenye baraka. Amejifunza kuishi na ugonjwa. Antena yenye nusu zote mbili haijali kebo ni ya futi 18, 40 au 63. Kata kebo inayotosha kutoka redioni hadi antena, ongeza ya kupinda, basi.

Tuje kwenye vipimo. Chaneli za CB za Marekani ni 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Katikati kabisa ya hapo ni 27.185, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo chaneli ya 19, ile ya madereva. Kwa hiyo tunapigia hesabu hapo hapo. Gawa mwendo wa nuru kwa masafa hayo, unapata wimbi lenye urefu wa mita 11.03. Robo yake ni mita 2.76. Waya halisi, wenye unene na ncha, hutaka kupunguzwa kama asilimia 5 hivi, kwa hiyo unabaki na mita 2.62, yaani futi 8 na inchi 7. Weka namba hiyo kichwani, lakini usikate hapo. Utakata 2.75, na nitakueleza kwa nini.

Antena ninayokushauri ni ya robo wimbi yenye miguu minne. Waya mmoja wa robo wimbi unasimama wima, na kutoka chini yake nyaya nne za urefu karibu sawa zinateremka kwa pembe ya digrii 45 kuelekea pande nne, kama mbavu za mwavuli. Hao wanne ndio lori lako jipya. Miguu ikikaa mlalo kabisa, ukinzani ambao kebo inaukuta kwenye antena ni kama omu 36. Ukiiteremsha digrii 45 inakaribia omu 50, na kebo yako ni ya omu 50. Hakuna koili wala kapasita. Na kebo inashuka moja kwa moja chini katikati ya miguu, jambo ambalo dipoli ya wima, antena ya waya mbili zinazokutana na kebo katikati, haikupi: ile inataka kebo itoke ubavuni na kwenda mlalo mita mbili au tatu kabla ya kushuka, na kwenye nyumba ya kawaida utaifunga wapi?

Usishawishike kuilaza antena mlalo kama kamba ya nguo eti kwa sababu mti wako umekaa vizuri. Antena za malori zimesimama. Antena iliyolala na iliyosimama hazisalimiani vizuri, na kwa watu walio karibu na barabara hasara yake ni kubwa kuliko makosa mengine yote tutakayoyazungumza. Watakaokwambia ununue ya tano-juu-ya-nane ya wimbi hawakudanganyi, ina faida ndogo, ila ni ndefu zaidi ya mara mbili, inataka koili ya kulinganisha, na faida yake utaipata kwa urahisi zaidi ukiipandisha hii ndogo mita chache.

Mabomba ya shaba. Najua yanauma kuyaacha pale gereji. Shaba inapitisha umeme vizuri sana, hakuna ubaya huo. Ubaya ni kwamba bomba la nusu inchi lenye mita 2.6 lina uzito unaokaribia kilo moja, ni laini, na kwenu majira ya baridi mvua hugeuka barafu ikagandia kila kilichosimama. Bomba litapinda upande mmoja na kubaki limepinda. Halafu ukiliunganisha na alumini kwenye mlingoti, pale shaba na alumini zinapogusana kwenye unyevu alumini italiwa. Yauze kwa wanunua chuma chakavu; pesa utakayopata inatosha kununua waya.

Waya wenyewe ni ule wa kawaida wa kutandaza nyumba, wa shaba, wenye nyuzi nyingi, namba 12 au 14 kwa hesabu za Kimarekani. Unahitaji vipande vitano vya mita 2.75, jumla mita 13.75, kwa hiyo roli la futi 50 linatosha na kinabaki kipande cha kufanyia majaribio ya kulehemu. Ganda la plastiki liache. Linaifanya antena itake waya mfupi kidogo zaidi, lakini hilo mkasi utalimaliza.

Moyo wa kazi ni soketi moja ndogo inayoitwa SO-239, ile ya kufungwa kwenye bati, yenye bapa la mraba na tundu nne kwenye pembe. Tundu nne, miguu minne: utadhani iliundwa kwa ajili yetu. Utaigeuza iangalie chini, upande wa kufungia plagi uwe chini na kikombe kidogo cha katikati kiwe juu. Kila mguu unaubanea kichwa cha pete, unakilehemu kidogo ili maji yasipenye, kisha unakifunga kwenye tundu lake kwa bolti ndogo ya chuma cha pua, washa na nati. Waya wa wima unaingia kwenye kikombe cha katikati.

Hapo kwenye kikombe ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakwenda polepole. Uvue waya ganda sentimita moja tu, usokote nyuzi, uzipake risasi ya kulehemu kwanza zikiwa peke yake mpaka zing'ae. Kikombe nacho ukipashe na ukijaze risasi nusu. Chuma chako cha kulehemu kiwe cha wati 60 au zaidi, maana ile soketi ni kipande cha shaba nyeupe kinachonyonya moto; chuma kidogo kitakaa dakika nzima kikiyeyusha plastiki ya ndani kabla risasi haijashika. Pasha haraka, zamisha waya, ondoa moto, na usipumue mpaka risasi igande. Kama uso wake umekuwa wa kijivu na chengachenga badala ya kung'aa, uliutikisa. Rudia. Halafu usiache waya uning'inie kwenye hiyo risasi: sentimita chache juu ya soketi ufunge kwenye mlingoti kwa tai za plastiki, ili upepo ukivuta uvute tai, siyo kiungo. Mwisho kabisa funika kikombe kwa silikoni, lakini siyo ile inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, na asidi inakula shaba taratibu ndani ya ulinzi uliouweka mwenyewe. Nunua ile isiyo na harufu hiyo, chupa imeandikwa.

Waya hausimami wenyewe. Tumia fimbo ndefu ya faibaglasi ya kuchomoa, ya mita sita au saba, ambayo chini yake unaifunga kwenye bomba la chuma lililoshikwa ukutani kwenye pembe ya paa. Soketi ikae kama mita 3 juu ya sehemu ya chini ya fimbo, waya wa wima ufuate fimbo kwenda juu, na miguu minne iteremke. Hakikisha kabisa ni faibaglasi. Fimbo za kaboni, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, zinapitisha umeme. Zitaharibu antena, na zikigusa nyaya za umeme zitakuharibu wewe.

Miguu hiyo minne inaweza pia kuwa kamba za kushikilia mlingoti, kazi mbili kwa mshahara mmoja. Mwisho wa kila mguu weka kizio, yai la kauri au kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa, kisha endelea na kamba ya poliesta hadi kwenye nanga. Nailoni inavutika ikilowa, na ile kamba ya buluu ya bei rahisi jua litaisaga ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ncha za miguu, na ncha ya juu ya waya, ndipo penye volti nyingi unaporusha. Wati nne haziui, lakini zinaunguza ngozi, kwa hiyo ncha zikae mahali mtoto hafikii.

Chini ya soketi tunaweka mlinzi wa mlango. Hata ukiwa na miguu minne mizuri, umeme kidogo utajaribu kurudi nyumbani kwa mgongo wa kebo. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, uviringishe kebo mizunguko mitano au sita, mstari mmoja, mzunguko kando ya mwenzake, usiirundike kama kamba ya kisimani. Ukirundika, mzunguko wa kwanza unagusana na wa mwisho na umeme unaruka njia ya mkato. Koili hiyo itakula kama mita mbili za kebo, zihesabu unaponunua. Ikishakaa, shika kebo chini yake kama ulivyofanya dirishani. Sindano ikitulia, mpira umeacha kuvuja.

Kuhusu kebo yenyewe, usihangaike sana. Kwa mita 15 kwenye megahezi 27, RG-58 nyembamba inakula kama desibeli moja, yaani takriban moja ya tano ya nguvu yako. RG-213 nene inakula kama nusu desibeli. Sikioni mwa dereva huwezi kuzitofautisha. RG-8X iko katikati na inapinda vizuri, ndiyo ningeichukua. Kitu cha kukataa ni kebo ya televisheni ya omu 75 unayopewa bure na jirani; siyo kwamba haifanyi kazi, bali plagi zake zitakutesa na mita itakuchanganya kabla hujajua kama kosa ni lako.

Sasa urefu kwenda juu, na hapa ndipo ningetumia pesa na jasho. Kwenye ardhi tambarare, ukiipandisha antena mara mbili ya ilipokuwa, nguvu inayomfikia mtu wa mbali huongezeka karibu mara nne. Kutoka mita 5 hadi 10 ni kama kugeuza wati zako 4 kuwa 16, bila ampu ya kukuza nguvu, ambayo Marekani imeipiga marufuku kwenye CB hata hivyo. Ukiwa na soketi kwenye mita 10 na antena ya lori kwenye mita 3 na nusu, upeo wa macho wa redio ni kama kilomita 20. Kwenu kuna vilima vidogo vidogo vinavyopanda na kushuka, kwa hiyo mwelekeo mmoja utapata zaidi na mwingine pungufu, lakini barabara uliyonitajia, iliyo kilomita nane kutoka kwako, iko ndani kabisa ya uwezo wako.

Kabla hujapanda ngazi, toka nje ukaangalie juu. Umesema nyaya za umeme zinapita mbele ya nyumba. Jumlisha urefu wote wa mlingoti na antena, zidisha kwa mbili, na usisimamishe kitu chochote karibu na nyaya kuliko umbali huo. Wala usiseme utakuwa mwangalifu. Mlingoti unapoanza kuanguka haukuulizi uelekeo. Wakati CB ilipopamba moto Marekani miaka ya 1970, watu waliokuwa wakiinua antena za nyumbani walikufa kwa kugusa nyaya, wengi kiasi kwamba serikali ilitunga kanuni maalumu ya usalama kwa antena hizi. Kama umbali hautoshi mbele, ipeleke uani. Kama hautoshi uani, iache fupi. Na kwa mgongo wako, wewe ni wa kukaa chini na kutoa amri, vijana wapande.

Bomba la chuma liunganishwe ardhini kwa waya mnene wa shaba, namba 10 au mnene kuliko huo, hadi kwenye fimbo ya erthi ya futi 8, na fimbo hiyo iunganishwe na erthi ya umeme wa nyumba. Erthi mbili zisizojuana ni hatari kuliko moja, kwa sababu radi ikipiga karibu, moja inapanda volti na nyingine haipandi, na tofauti hiyo inapita ndani ya redio yako. Kabla ya kupigilia fimbo piga simu 811, waje wakuchoree mahali mabomba ya gesi na nyaya za chini zinapopita; ni bure. Kizuia radi kwenye kebo kinasaidia kumwaga umeme unaojikusanya. Radi ikipiga antena yenyewe, hakuna kifaa cha dola 40 kitakachookoa kitu, kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba.

Kupima na kukata. Kumbuka tumekata waya wa wima mita 2.75, mrefu makusudi, maana waya mrefu unakatwa ila mfupi haurefushwi. Simamisha antena angalau mita tatu au nne juu ya ardhi, mbali na bati na magari. Ukiipima imelala nyasini utakuwa unapima nyasi. Funga mita kati ya redio na kebo. Sikiliza kwanza, chaneli ikiwa tupu bonyeza sekunde chache, soma. Fanya hivyo chaneli ya 1, ya 19 na ya 40, na uandike.

Namba zitakuambia zenyewe. SWR ikiwa kubwa kwenye 40 kuliko kwenye 1, antena ni ndefu, kata. Ikiwa kubwa kwenye 1 kuliko kwenye 40, ni fupi. Sentimita moja ya waya wa wima ni hatua kubwa. Kuanzia chaneli ya 1 hadi ya 40 masafa yote hayazidi upana wa asilimia 1.6, kwa hiyo sentimita chache tu zinakuvusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mwanzoni kata sentimita mbili mbili, namba zikianza kukaribiana kata nusu sentimita. Badala ya kukata unaweza kukunja ncha irudi chini na kubana na tepu, mpaka uwe na hakika. Fundi mwoga hufanya hivyo, na mimi ni fundi mwoga. Miguu usiiguse. Ikiwa 19 inasoma 1.5 au chini yake na pande mbili zinafanana, acha kabisa. Kwenye 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu. Kwenye 3 ni asilimia 25. Kuhangaika kutoka 1.3 hadi 1.1 ni kupanda ngazi bure.

Na hapa nikupe kisa, kwa sababu mita hii inaweza kukudanganya kwa heshima zote. Nilipokuwa najifunza kazi kwenye karakana ya redio za boti Mombasa, aliletwa nahodha wa boti ya uvuvi, redio yake ya VHF haisikiki hata bandarini. Nikafunga mita: 1.2. Safi. Nikabadilisha mikrofoni, nikabadilisha redio, bado. Mzee wangu wa kazi akaja, hakusema neno, akachukua koleo akaikata kebo inchi chache tu kutoka kwenye plagi ya juu. Wavu ulikuwa mweusi, na kwenye kucha zake ikabaki poda ya kijani. Maji yalikuwa yameingia kwa juu na kuteremka ndani ya kebo miezi kadhaa. Nguvu yote ilikuwa inaliwa njiani ikageuka joto. Hakuna kilichorudi kwenye mita, na mita ikasifu. SWR inakuambia kwamba kitu hakirudi. Haikuambii kilikwenda wapi.

Kwa hiyo plagi ya juu ifunge kwanza kwa tepu ya mpira inayoshikana yenyewe, kisha tepu nyeusi ya umeme, ukianzia chini kwenda juu, kama unavyoezeka makuti: safu ya juu ifunike ya chini, maji yateremke bila kupata mlango. Na kebo inapoingia ukutani ipinde kwanza chini ya tundu kisha ipande, matone yaishie kwenye huo mpindo.

Sheria ni fupi. Tangu 1983 CB ya Marekani haihitaji leseni ya mtu mmoja mmoja. Unaruhusiwa wati 4 kwa AM, wati 12 za kilele kwa SSB, na tangu 2021 hata FM; hizo ni namna tatu za kubebesha sauti kwenye mawimbi. Antena isizidi mita 18.3 kutoka ardhini, au mita 6.1 juu ya jengo au mti uliobeba antena. Yako yenye ncha kwenye mita 12.7 iko salama. Chaneli ya 9 ni ya dharura na msaada wa njiani. Ila kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, soma mkataba kabla ya kununua hata bolti, kwa sababu ile kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inayolinda madishi ya satelaiti hailindi antena ya CB. Na wewe msomaji mwingine unayeyasoma haya ukiwa Nairobi, Goma au Muscat, sheria hizi si zako. Waya utakuwa wa urefu ule ule, lakini ruhusa ya kurusha kaulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi uliko.

Ikikaa juu, usishangae siku nyingine mchana ukisikia mtu wa mbali sana, wa jimbo lingine au bara lingine, amekuja juu ya wenyeji wote kana kwamba yuko jirani. Jua likiwa na madoa mengi, masafa haya huruka na kurudi kutoka tabaka la juu la anga. FCC ilikuwa inakataza kumjibu mtu aliye zaidi ya kilomita 250, lakini katazo hilo liliondolewa 2017. Msalimie.

Ukimaliza niandikie namba tatu, ya chaneli ya 1, ya 19 na ya 40, pamoja na urefu wa waya ulioishia nao. Na uniambie sindano ilifanya nini uliposhika kebo.